Ukubwa Uliokithiri: Vivumishi vya Kiingereza Mbele ya Mtafsiri wa Kiswahili

Utangulizi

Kila mwalimu wa tafsiri anaifahamu hali hii. Mwanafunzi hupewa kifungu cha Kiingereza chenye mtu aliye "huge", uwanda ulio "vast", kosa lililo "enormous" na mkutano ulio "mammoth". Baada ya saa moja karatasi hurudi, na ndani yake mna mtu mkubwa sana, uwanda mkubwa sana, kosa kubwa sana na mkutano mkubwa sana. Hakuna sentensi iliyovunja sarufi, wala hakuna neno ambalo msahihishaji anaweza kulipiga mstari na kusema kwamba ni uongo. Hata hivyo, maneno manne yameingia na moja tu ndilo lililotoka.

Kasoro hii si ya wanafunzi peke yao. Inaonekana katika habari zinazofasiriwa kwa haraka kutoka kwa mashirika ya nje, na katika vitabu vya watoto vilivyotolewa kwa Kiingereza. Kamusi nazo huichochea pale zinapokiwekea kila kivumishi cha kundi hili jibu lile lile, yaani "-kubwa sana" au "-kubwa mno". Utetezi unaotolewa aghalabu ni kwamba Kiswahili kina vivumishi asilia vichache, na kwa hiyo mtafsiri hana budi kuridhika na hicho kidogo alichonacho.

Sehemu ya kwanza ya utetezi huo ni ya kweli, lakini ya pili haitokani na ya kwanza. Makala haya yanadai kwamba Kiingereza kimezoea kukitwika kivumishi mzigo wa ukubwa, ilhali Kiswahili huutwika nomino, kitendo na kipimo. Mtafsiri anayetafuta kivumishi kwa kila kivumishi anatafuta mahali pasipo na kitu, kisha anaporudi mikono mitupu anailaumu lugha. Ili kulithibitisha dai hili, yafaa kwanza kuvichunguza vivumishi vyenyewe vya Kiingereza, kwa kuwa wengi wanaovitumia hawajui vimetoka wapi wala vinabeba nini.

Nasaba mbili za vivumishi

Vivumishi vya Kiingereza vya ukubwa uliokithiri vinaweza kugawanywa katika nasaba mbili. Nasaba ya kwanza ni ya maneno yaliyotokana na dhana ya kipimo au ya athari. "Enormous" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichotoka nje ya "norma", yaani kipimo anachotumia seremala kuhakikisha kwamba pembe imenyooka. Hapo mwanzo neno hili halikusema tu kwamba kitu ni kikubwa, bali kwamba kimevuka kanuni. Ndiyo sababu neno la ukoo wake, "enormity", hadi leo linaweza kutaja uovu uliopindukia. "Immense" ni kile ambacho hakikupimika. "Vast" limetoka katika neno lililokuwa na maana ya utupu na ukiwa, na ni jamaa wa maneno yanayotaja uharibifu wa nchi. "Tremendous" ni kile kinachomtia mtu tetemeko.

Nasaba ya pili ni ya maneno yaliyokuwa majina. "Gigantic" ni la majitu ya Wayunani waliopigana na miungu. "Titanic" ni la Titani, kizazi cha kale cha miungu kilichoshindwa na Zeu. "Colossal" linatukumbusha sanamu ya kisiwa cha Rhodes iliyokuwa na urefu wa mita zipatazo 33, iliyosimamishwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo na kuangushwa na tetemeko la ardhi kabla karne hiyo haijamalizika. "Gargantuan" ni la jitu lenye ulafi katika riwaya za François Rabelais zilizoanza kutoka Ufaransa katika miaka ya 1530. "Mammoth" ni la mnyama wa jamii ya tembo aliyetoweka zamani.

Kwa mwanafasihi, tofauti ya nasaba hizi si jambo dogo. Maneno ya nasaba ya pili yote yalianza kama tashbihi. Aliyesema "colossal" kwa mara ya kwanza alikuwa akimwambia msikilizaji wake akumbuke sanamu fulani. Kwa kadiri neno lilivyotumiwa, sanamu ilisahauliwa na ukabaki ukubwa mtupu. Hivyo Kiingereza chenyewe hakikuwa na ghala la vivumishi tangu asili. Kiliokota majina na kuyachakaza mpaka yakawa vivumishi.

Jinsi maneno yanavyochakaa

Uchakavu huo unaweza kufuatwa kwa tarehe. Mwishoni mwa mwaka 1801 mifupa ya mnyama wa kale ilionyeshwa mjini Philadelphia, Marekani, na umma ukaiita ya "mammoth", ingawa wataalamu waliokuja baadaye waliitambua kuwa ya mastodoni. Siku ya kwanza ya mwaka 1802, Rais Thomas Jefferson alipokea zawadi ya jibini kutoka mji wa Cheshire, Massachusetts, yenye uzito wa ratili 1,235, yaani zaidi ya kilo 550. Jibini hilo nalo likaitwa "mammoth". Neno lililokuwa jina la mnyama likawa sifa ya chakula, na baada ya hapo halikuwa na mahali pa kuishia: mauzo, mkutano, deni, hata kosa la mhasibu.

Historia ya "titanic" ina kejeli zaidi. Waliolipa meli jina hilo walikusudia nguvu za Titani, pengine bila kujali kwamba Titani ndio walioshindwa. Meli hiyo ilizama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, na watu zaidi ya 1,500 walikufa. Tangu hapo neno hilo lina vivuli viwili, cha nguvu na cha maangamizi. Mtafsiri anayeandika "mapambano makubwa sana" mahali pa "titanic struggle" amevifuta vyote viwili.

Lakini neno linalomhusu msomaji wa Afrika Mashariki kuliko yote ni "jumbo". Tembo aliyeitwa Jumbo alinaswa akiwa mdogo katika pande za mpaka wa Sudani na Uhabeshi, akapelekwa Paris, kisha akafika bustani ya wanyama ya London mwaka 1865. Mwaka 1882 aliuzwa kwa P. T. Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, na mauzo hayo yakazusha malalamiko makubwa Uingereza. Mwaka 1885 aligongwa na garimoshi huko St. Thomas, Ontario, akafa. Matangazo ya Barnum yalilieneza jina lake mpaka likawa kivumishi cha kila kitu kinachouzwa kwa ukubwa, na ndege ya Boeing 747, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1969, ikarithi jina hilo.

Mara kwa mara hudaiwa kwamba jina hilo ni la Kiswahili, kutokana na "jambo" au "jumbe". Dai hili linapendeza masikio, na kuna wanaolirudia kwa fahari kama ushahidi wa mchango wa Kiswahili katika Kiingereza. Uhakiki hauna budi kulipima. Kwanza, tembo huyo hakutoka nchi ya Waswahili. Pili, "jambo" ni shauri au tukio, na "jumbe" ni mkuu wa mji. Hakuna hata moja linalotaja ukubwa wa umbo. Tatu, neno "jumbo" lilikwisha kuandikwa Uingereza mwaka 1823, miongo kadhaa kabla ya tembo huyo kufika, likiwa na maana ya mtu mkubwa mzito asiye na wepesi. Na kabla yake, katika karne ya 18, Waingereza walikuwa wamekwisha kuandika "mumbo jumbo" kutokana na habari za Afrika Magharibi. Ushahidi huu haulitambulishi kwa hakika chimbuko la neno, lakini unaonyesha kwamba Kiswahili hakilihitajiki ili kulieleza.

Ajabu ni kwamba wanaotafuta Kiswahili ndani ya "jumbo" hulipita neno ambalo kwa sauti na kwa maana lingewafaa zaidi, nalo ni "jumba". Mfanano huo nao ni wa bahati tu. Hata hivyo una funzo: katika "jumba" ukubwa umo ndani ya nomino yenyewe, haukuazimwa kwa tembo wala kwa jitu la hadithi. Swali linalostahili fahari ya Mswahili si kama Waingereza walichukua neno moja kutoka kwake, bali kama yeye mwenyewe anazitumia njia alizonazo.

Funzo la Jonathan Swift

Kabla ya kuzitazama njia hizo, inafaa kuona jinsi mwandishi bora wa Kiingereza anavyolitatua tatizo hili ndani ya lugha yake. Kitabu cha Jonathan Swift cha safari za Gulliver, kilichotolewa mwaka 1726, kimekipa Kiingereza kivumishi kirefu kuliko vyote vya kundi hili, "Brobdingnagian", kutokana na nchi ya majitu katika safari ya pili. Mtu angetarajia kwamba safari hiyo imejaa vivumishi vya ukubwa. Vimo, lakini nguvu yake haitoki humo.

Swift anapima. Mmea wa nafaka una urefu wa futi 40 hivi. Ua wa shamba unazidi futi 100. Kila ngazi ya kivukio cha ua ina futi 6, kiasi kwamba Gulliver hawezi kuipanda. Hatua moja ya mkulima ni kama yadi 10. Panya aliyeuawa ana mkia unaokaribia yadi 2. Uwiano ni ule ule mmoja kwa 12 uliotumika, kwa kugeuzwa, katika nchi ya watu wadogo ya Lilliput. Msomaji haambiwi ashangae. Anapewa kipimo na kuachwa ashangae mwenyewe. Zaidi ya hayo, ukubwa huo una kazi ya kimaadili. Gulliver anapomsimulia mfalme wa majitu juu ya siasa na baruti za Ulaya, ni yule mkubwa wa umbo anayechukizwa na unyama wa wale wadogo. Kama ukubwa ungekuwa kivumishi tu, kejeli hiyo isingesimama.

Katika safari ya kwanza kuna jambo jingine la kumfaa mtafsiri. Watu wa Lilliput wanapomtaja Gulliver hawamwiti kwa kivumishi, wanamwita Mtu-Mlima. Wameziunganisha nomino mbili, na picha imekamilika. Kitabu hiki kilifasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson kwa jina la Safari za Gulliver. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa kamati iliyokisanifisha Kiswahili kuanzia mwaka 1930. Suala la kuwaeleza majitu kwa Kiswahili sanifu, kwa hiyo, lina umri sawa na Kiswahili sanifu chenyewe.

Njia za Kiswahili

Njia ya kwanza ya Kiswahili ni umbo la ukubwa. E. O. Ashton alilieleza katika sarufi yake ya mwaka 1944, na tangu hapo hakuna kitabu cha shule kisicholigusa. Mtu huwa jitu, nyumba jumba, nyoka joka, kisu jisu, mguu guu. Tatizo ni kwamba somo hili hufundishwa kama orodha ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi anayejua kwamba ukubwa wa "mbwa" ni "jibwa" hupata alama yake, kisha anapofika kwenye tafsiri huandika "mbwa mkubwa sana". Alichofundishwa kama sarufi hakukitambua kama maana.

Na maana yenyewe si nyepesi. Umbo la ukubwa hubeba hukumu pamoja na kipimo. "Jitu" linatisha au linachukiza. "Jibwa" halipendwi. "Toto" lililokua bila adabu si sawa na mtoto mnene. Kwa hiyo "huge man" hawezi kuwa "jitu" kila mara. Akiwa ni wa kustaajabiwa, Kiswahili kina "pandikizi la mtu"; akiwa ni mwenye mwili uliojengeka, kina "mtu wa miraba minne"; akiwa ni kitu cha kutisha kisichojulikana vyema, kina "dubwana". Maneno haya hayabadilishani mahali ovyo, na hapo ndipo ulipo utajiri wake. Kivumishi "huge" hakimwambii msomaji msimulizi anamwonaje mtu huyo. Kiswahili humlazimisha mtafsiri aamue. Wengi hukikimbilia "kikubwa sana" kwa sababu kinawaepusha na uamuzi huo.

Njia ya pili ni kutumia kitenzi au kirai badala ya kivumishi, na hapa nasaba ya kwanza ya maneno ya Kiingereza hupata wenzake bila shida. Uwanda ulio "vast" ni uwanda usioonekana mwisho, au nyika iliyotanda hadi upeo wa macho. Mali iliyo "immense" ni mali isiyo na hesabu. Kosa lililo "enormous" ni kosa lililopita mpaka, na tafsiri hiyo inaikaribia asili ya Kilatini kuliko Waingereza wengi wanavyoikumbuka. Ngurumo iliyo "tremendous" ni ngurumo ya kutetemesha nchi. Mkutano ulio "mammoth" ni mkutano uliofurika watu. "Colossal failure" si kushindwa kukubwa sana. Ni kuanguka kwa kishindo. "Gargantuan appetite" ni tumbo lisiloshiba, na "titanic struggle" ni vita vya mafahali wawili, ambavyo msikilizaji wa Kiswahili anajua tangu utotoni kwamba vitaziumiza nyasi.

Njia ya tatu ni ya fasihi, nayo ni kuuonyesha ukubwa kwa kitendo na kwa vitu. Mfano wake mkuu ni Fumo Liyongo. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, kama katika mapokezi ya kale, ukubwa wa shujaa huyo haukuachwa uwe sifa tu. Wagalla wanakuja kujua wamekutana na nani anapoipuliza panda mpaka inapasuka, na anapotoa mkobani mwake kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Msikilizaji anayejua uzito wa kinu kimoja nyumbani kwao hana haja ya kivumishi. Hata kifo chake kinapimwa kwa namna hiyo: Liyongo amekwisha kufa, amepiga goti kisimani na upinde wake mkononi, na watu wa mji bado hawathubutu kumkaribia. Umbali wanaosimama wao ndio kipimo chake.

Hapa Kijumwa na Swift, waliotenganishwa na karibu miaka 200 na kwa kila kitu kingine, wanakutana. Mmoja anapima kwa futi na yadi, mwingine kwa kinu na panda. Wote wawili hawakiamini kivumishi peke yake.

Hoja za upinzani

Hoja mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba "kubwa sana" ni Kiswahili sahihi, chepesi na kinachoeleweka na wote. Hili halikanushwi. Pale Kiingereza kinaposema "very large" bila kusudi jingine, "kubwa sana" ndiyo tafsiri yake. Katika maandishi ya sayansi nako, ambako ukubwa hutajwa kwa tarakimu, kuleta pandikizi na dubwana ni kumharibia msomaji. Linalopingwa ni kulifanya jibu la swali moja kuwa jibu la maswali kumi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba njia za Kiswahili nazo huchakaa kama zile za Kiingereza, na kwa hiyo hazina ubora wa kudumu. Ushahidi upo. "Jiji" lilikuwa ukubwa wa "mji", lakini tangu neno hilo lilipofanywa la kiserikali, anayesema "Jiji la Nairobi" hasikii ndani yake tishio wala dharau. Anasikia halmashauri na kodi. "Jumba" hutumiwa siku hizi kwa fahari ya mwenye nyumba, na katika mazungumzo "bonge la" limebandikwa kwenye kila jambo, kutoka mechi hadi harusi. Hoja hii ni ya haki, lakini haiwatetei watumiao "kubwa sana". Inaonyesha tu kwamba hakuna neno la ukubwa linaloweza kuachiwa kazi bila kuangaliwa. Neno likichakaa, mwandishi hurudi kwenye kipimo na kitendo, ambavyo havichakai.

Hitimisho

Imeonekana kwamba vivumishi vya Kiingereza vya ukubwa uliokithiri si visawe. Baadhi yake vinataja kuvuka kipimo, vingine ni majina ya majitu na wanyama yaliyopoteza wenyewe, na vyote vimechakazwa na biashara na magazeti kwa viwango mbalimbali. Mtafsiri hana budi kuuliza kila kimoja kinafanya kazi gani mahali kilipo: je, kinapima, kinatisha, kinachekesha, kinalaumu au kinauza? Jibu la swali hilo, wala si neno lenyewe, ndilo linalotafsirika.

Kwa upande wa mafunzo, yapo mambo mawili yanayoweza kutendwa bila gharama. Somo la ukubwa na udogo lihamishwe kutoka kwenye orodha na kuingizwa katika usomaji wa tenzi na hadithi, ili mwanafunzi aone kwa nini msimulizi alichagua "joka" akaliacha "nyoka mkubwa". Na watungaji wa kamusi za Kiingereza na Kiswahili wasiviwekee vivumishi hivi jibu moja, bali waoneshe kwa sentensi jinsi kila kimoja kinavyofasiriwa mbele ya mtu, mahali, kosa au umati.

Madai kwamba Kiswahili hakina maneno ya ukubwa yamerudiwa mno madarasani, na wanaoyarudia aghalabu ni wale waliowahi kupata alama kamili katika zoezi la jitu, jumba na joka.